Mbwa na paka wa nyumbani: matunzo ya kila siku, magonjwa ya kawaida na hatari ya kichaa cha mbwa

Vijijini kwetu mbwa ana kazi. Analinda boma usiku, anafuatana na wachungaji malishoni, anafukuza nyani na ngedere shambani. Paka naye ana kazi yake penye ghala la mahindi. Hata hivyo, ng'ombe akiacha kula tunamtafuta mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo, lakini mbwa akiacha kula tunasema atapona mwenyewe. Wengi hawaponi, na baadhi ya magonjwa yao huingia hadi ndani ya nyumba, kwa watoto wanaocheza nao.

Makala haya tumeyaandika kwa ajili ya wasikilizaji wanaotuuliza maswali kuhusu wanyama hawa kila mara. Tumeeleza matunzo ya kawaida, magonjwa yanayoonekana zaidi katika maeneo yetu, na mambo ya kufanya mtu anapoumwa na mbwa. Sehemu hiyo ya mwisho tunakuomba uisome hata kama hufugi mbwa.

Chakula na maji

Mbwa anaweza kula ugali, lakini ugali mtupu haumtoshi. Anahitaji kitu cha kujenga mwili. Changanya dagaa, vichwa vya samaki, utumbo wa kuku uliochemshwa, au damu ya mnyama iliyopikwa hadi ikaganda. Mbwa mkubwa apewe chakula mara moja au mbili kwa siku. Anayenyonyesha aongezewe, kwa sababu ananyonyesha watoto sita au saba kwa mwili mmoja.

Paka ni tofauti. Yeye ni mla nyama kwa maumbile yake. Paka anayekula ugali na maziwa tu, na hapati panya, nyama wala samaki, anaweza kudhoofika moyo na hata kupoteza uwezo wa kuona. Tena paka wengi wakubwa huharishwa na maziwa ya ng'ombe. Mpe maji safi.

Vitu vitatu tunaomba visiingie kwenye sahani ya mbwa. Cha kwanza ni mifupa ya kuku iliyopikwa. Hupasuka ikawa na ncha kali na kuchoma koo au utumbo. Cha pili ni vitunguu, ambavyo huharibu damu ya mbwa na ya paka pia. Cha tatu ni mahindi yenye ukungu. Familia nyingi hutenga mahindi yaliyoharibika na kusema "haya ya mbwa". Ukungu huo huweza kuwa na sumukuvu, sumu inayoharibu ini, na mbwa huathirika nayo haraka. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na sumukuvu kwenye chakula. Kinachoua mtu hakimfai mbwa.

Maji yawepo muda wote, kivulini. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anapopata joto hupoza mwili kwa kuhema ulimi ukiwa nje, na kwa kuhema huko hupoteza maji. Mbwa aliyefungwa juani kutwa nzima bila maji anaweza kufa kwa joto. Ukimfunga, kamba iwe ndefu na ifike kivulini.

Mkague kwa dakika mbili kila siku

Huhitaji kuwa daktari ili kujua kwamba mnyama wako ana shida. Unapompa chakula, angalia mambo haya:

- Je, amekuja kula kama kawaida? Kukosa hamu ya kula siku nzima ni dalili ya kwanza ya magonjwa mengi.
- Inua mdomo uone fizi. Fizi za mbwa mzima ni za rangi ya waridi. Zikiwa nyeupe, amepungukiwa damu. Zikiwa za njano, ini au damu ina matatizo. Baadhi ya mbwa wana fizi nyeusi kwa asili. Kwa hao vuta chini ukope wa jicho uangalie ndani.
- Macho na pua: je, vinatoa usaha au tongotongo nzito?
- Kinyesi: je, ni kigumu kiasi, au anaharisha? Kuna damu?
- Vuta ngozi ya mgongoni kisha uiachie. Ikirudi taratibu badala ya mara moja, mwili umepungukiwa maji.

Jambo moja la tahadhari: ukiona mbwa amebadilika tabia ghafla, usimshike mdomo. Sababu utaiona hapo chini.

Minyoo

Watoto wa mbwa wengi huzaliwa wakiwa tayari na minyoo waliyoipata kwa mama yao tumboni, na wengine huipata kwenye maziwa. Ndiyo maana mtoto wa mbwa huonekana na tumbo kubwa huku mbavu zikihesabika. Wamiliki hudhani ameshiba. Dawa huanza kutolewa akiwa na wiki mbili, hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi afikishe miezi miwili au mitatu, kisha kila baada ya miezi mitatu maisha yake yote. Kipimo hutegemea uzito, kwa hiyo mueleze muuzaji wa duka la dawa za mifugo uzito na umri wa mnyama. Usikadirie kwa kutumia kipimo cha mbuzi.

Minyoo hii huhamia kwa watu. Mayai yake hutoka kwenye kinyesi, hukaa udongoni kwa muda mrefu, na mtoto anayechezea udongo kisha kulamba vidole huyameza. Mabuu yakitembea mwilini mwake yanaweza kufika kwenye jicho na kuharibu uwezo wa kuona. Zoa kinyesi cha mbwa uani ukifukie, na watoto wanawe mikono kwa sabuni.

Kwa jamii za wafugaji kuna minyoo mingine ya kuogopa zaidi. Ni tegu mdogo sana anayeishi kwenye utumbo wa mbwa. Mbwa humpata kwa kula maini au mapafu mabichi ya kondoo, mbuzi au ng'ombe yenye vifuko vya maji. Mtu akimeza mayai ya tegu huyo, vifuko hivyo hukua polepole ndani ya ini au mapafu yake kwa miaka mingi, na mara nyingi tiba yake ni upasuaji. Ugonjwa huu unafahamika sana Turkana nchini Kenya na upo pia katika maeneo ya wafugaji hapa Tanzania. Kinga yake ni rahisi: mnapochinja, maini na mapafu yenye vifuko yachomwe au yafukiwe shimo refu. Yasitupiwe mbwa.

Viroboto, kupe, funza na upele

Kupe hunyonya damu na pia huambukiza magonjwa. Mbwa aliyeambukizwa huwa na homa, hulegea, fizi hupauka, na wengine hutokwa damu puani au kukojoa mkojo mwekundu. Huyo anahitaji matibabu ya haraka. Kumtoa kupe, mshike karibu kabisa na ngozi kwa kibano, uvute moja kwa moja bila kumpasua.

Viroboto hutaga mayai, nayo huangukia mahali mbwa anapolala. Ukimwosha mbwa na kuacha gunia lake la kulalia lilivyo, baada ya wiki chache viroboto wamerudi. Choma magunia ya zamani au yafue kwa maji ya moto, na ufagie banda. Funza pia humpata mbwa, hasa kwenye nyayo, na nyumba inayohangaika na funza kwa watoto haitamaliza tatizo ikiwa mbwa amesahauliwa.

Upele husababishwa na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaochimba ngozi. Nywele hunyonyoka, kwanza masikioni, viwikoni na tumboni, na mbwa hujikuna usiku kucha. Baadhi ya upele huo huwashika watu kwa muda. Unatibika kwa sindano, vidonge au dawa ya kuogesha, kwa maelekezo ya mtaalamu.

Hapa tunaomba tusikilizwe vizuri. Oili chafu ya gari, dizeli na maji ya betri si dawa ya upele. Huunguza ngozi, na mbwa anapojilamba huingiza sumu tumboni. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo isitumike kwa mbwa bila mtaalamu kukupimia maji ya kuchanganyia. Na kwa paka tahadhari ni kubwa zaidi: dawa nyingi za viroboto za mbwa zina kemikali inayoitwa permethrin, ambayo humtetemesha paka na kumuua. Dawa ya mbwa ni ya mbwa.

Kuhara damu na magonjwa mengine ya watoto wa mbwa

Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hadi sita anaacha kula asubuhi, jioni anatapika, kesho yake anaharisha damu yenye harufu kali, na siku ya tatu amekufa. Wengi husema amerogwa au amepewa sumu na jirani. Mara nyingi huyo ameuawa na kirusi cha parvo. Kirusi hiki hukaa udongoni miezi mingi. Ndiyo maana mtu akileta mtoto mwingine kwenye uwanja ule ule, naye hufa. Kabla ya kuleta mwingine, safisha sakafu na vyombo kwa maji yenye jiki, na hakikisha mgeni amechanjwa kwanza.

Hakuna dawa inayoua kirusi hicho moja kwa moja. Anayepona hupona kwa kuongezewa maji, kuzuiwa kutapika na kukingwa na maambukizi mengine. Ukiwa mbali na mtaalamu, anza na maji ya kuongezea nguvu: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mpe kidogo kidogo kila baada ya dakika chache. Akitapika kila anachopewa, usimlazimishe, anahitaji dripu.

Ugonjwa mwingine unaoambatana na kikohozi, usaha machoni, kisha kutetemeka na degedege, unaitwa distempa. Mwaka 1994 ugonjwa huu uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mbwa wa vijiji jirani na hifadhi walihusishwa na mlipuko huo. Parvo na distempa zote zina chanjo, na mara nyingi hutolewa kwa sindano moja ya mchanganyiko kuanzia wiki sita hadi nane, ikarudiwa mara mbili au tatu.

Kwa mbwa wakubwa wanaozurura, angalia damu inayodondoka sehemu za siri kwa muda mrefu, pamoja na kinyama kinachofanana na koliflawa. Hii ni saratani inayoambukizwa wakati wa kupandana. Inatisha kuitazama, lakini ni mojawapo ya saratani zinazotibika vizuri kwa sindano za wiki chache. Usikimbilie kumuua mbwa huyo.

Dawa za binadamu na sumu

Panadol inaweza kumuua paka hata kwa kidonge kimoja, kwa kuwa mwili wake hauwezi kuivunja. Diclofenac na ibuprofen hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Usimpe mnyama dawa ya maumivu ya nyumbani.

Sumu ya panya ni hatari mara mbili, kwa sababu paka huila kupitia panya aliyekufa. Ukishuku sumu, chukua pakiti yake na umpeleke mnyama kwa mtaalamu. Kumtapisha kunaweza kuongeza madhara, na maziwa si dawa ya kila sumu. Akimwagikiwa na dawa ya shambani, vaa glovu umwoshe kwa sabuni na maji mengi. Akitemewa sumu ya nyoka machoni, mwoshe macho kwa maji safi yanayotiririka kwa robo saa, kisha tafuta msaada.

Paka na mama mjamzito

Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na kijidudu cha toksoplasma, kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Hakuna haja ya kumfukuza paka. Kijidudu hicho huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili ndipo kiweze kuambukiza, kwa hiyo kinyesi kikizolewa kila siku hatari hupungua sana. Kazi hiyo aifanye mtu mwingine wa nyumbani. Mama avae glovu anapolima bustani, aoshe mboga vizuri na ale nyama iliyoiva.

Kichaa cha mbwa

Ugonjwa huu husababishwa na kirusi kilichopo kwenye mate. Huingia mwilini kwa kuumwa, kukwaruzwa, au mate kugusa kidonda, macho au mdomo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wanne kati ya kila kumi ni watoto wasiofikisha miaka 15. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili, ugonjwa unazuilika kabisa. Maisha ya mtu yanategemea kinachofanyika baada ya kuumwa na kabla ya dalili.

Sura ya ugonjwa tunayoifahamu ni ile ya ukali: mbwa anakimbia ovyo, anang'ata miti, mawe na watu bila sababu, anadondosha mate, na sauti yake imebadilika. Kuna sura ya pili ambayo ni ya kimya. Mbwa anajificha gizani, taya limelegea, mate yanatoka na hawezi kumeza. Mwenye mbwa hudhani amekwamwa na mfupa, akaingiza mkono mdomoni kuutafuta. Hapo ndipo huambukizwa. Mbwa wa namna hiyo usimguse. Mfungie alipo na umwite afisa mifugo.

Mtu akiumwa, fanya hivi:

1. Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Sabuni huua kirusi. Mwagilia kwa jagi au dumu kama hakuna bomba. Ukiwa na spiriti au iodini, paka baada ya kuosha.
2. Usiweke pilipili, majivu, mafuta ya taa wala dawa ya kienyeji, na usikaze kitambaa.
3. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo. Zahanati isipokuwa na chanjo, uliza hospitali ya wilaya kabla ya kusafiri, upoteze muda kidogo iwezekanavyo.
4. Maliza sindano zote kwa tarehe ulizopangiwa. Sindano ya kwanza peke yake haitoshi. Mama mjamzito na mtoto mchanga nao huchanjwa.
5. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji na afisa mifugo. Ikiwezekana, mbwa afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, mate yake hayakuwa na kirusi siku alipouma. Lakini matibabu yaanze bila kusubiri siku hizo.

Kirusi hutembea polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Dalili kwa mtu mara nyingi hutokea baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, wakati kidonda kimeshapona na familia imeshasahau. Ndiyo maana tunawaomba wazazi wawafundishe watoto kusema kila wanapoumwa au kukwaruzwa, bila kuogopa kuchapwa. Mtoto anayeficha kwa sababu alikuwa akimchokoza mbwa wa jirani anaweza kupoteza maisha kwa kuogopa fimbo.

Ng'ombe, mbuzi au punda aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa naye huugua. Usimchinje kwa haraka ili kuokoa nyama, na maziwa yake yasinywewe.

Maswali yanayotufikia mara nyingi

*Mbwa wangu ni mdogo, anaweza kuwa na kichaa?* Ndiyo. Hata mtoto wa mbwa wa miezi miwili anaweza. Usidharau meno madogo.

*Mbwa wangu hatoki uani, kuna haja ya kumchanja?* Ndiyo. Mbwa mgeni, mbweha au nguchiro anaweza kuingia usiku usijue.

*Paka anachanjwa?* Ndiyo, chanjo ya kichaa cha mbwa ni kwa paka pia.

*Ni kweli mbwa akichanjwa hupoteza ukali na hawezi tena kulinda wala kuwinda?* Hapana. Anaweza kulegea siku moja au mbili, kisha hurudi kawaida.

*Kwa nini tusiwaue tu mbwa wanaozurura?* Kwa sababu wanaouawa nafasi yao huchukuliwa haraka na wengine wasiochanjwa. Kinachokata mnyororo ni chanjo: ikiwafikia mbwa 70 kati ya kila 100 kila mwaka, ugonjwa hukosa pa kupita. Kuhasi madume na kufunga kizazi majike nako husaidia kupunguza watoto wanaotupwa.

Ratiba fupi ya kuhifadhi kwenye simu

- Wiki 2: dawa ya minyoo ya kwanza.
- Wiki 6 hadi 8: chanjo ya mchanganyiko ya kwanza. Asitenganishwe na mama kabla ya wiki 8.
- Miezi 3: chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha kila mwaka. Tunza kadi yake mahali pakavu.
- Kila miezi 3: dawa ya minyoo.
- Kila wiki: kagua kupe, viroboto na masikio.

Septemba 28 kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na katika wilaya nyingi kampeni za chanjo hufanyika karibu na tarehe hiyo. Muulize afisa mifugo wa kata yako mapema chanjo itatolewa lini na wapi, kisha waambie majirani. Mbwa wako akichanjwa peke yake, umeilinda nyumba yako. Kitongoji kizima kikichanja, mnamlinda hata mtoto anayepita njiani kwenda shule.